Monita ilipowaka upya: kisa cha alamu iliyonyamazishwa katika wodi ya watoto njiti

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania. Jina la hospitali, mwaka, aina ya monita (mashine ya kando ya kitanda inayofuatilia mapigo ya moyo na oksijeni ya mgonjwa) na majina ya wahusika vimeondolewa. Uzito wa mtoto na saa za matukio vimesogezwa kidogo, ila mfuatano umeachwa kama ulivyokuwa. Mama wa mtoto aliombwa ruhusa kisa kitumike kufundishia, akaridhia. Mimi nilikuwa kwenye timu ya mapitio, kwa hiyo ninayoyaeleza yanatoka kwenye mahojiano na wauguzi wa zamu, faili la mtoto, na kumbukumbu zilizokuwa ndani ya monita yenyewe.

Anayefanya kazi ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ya watu wazima asidhani hayamhusu. Mashine ni zilezile, vitufe ni vilevile.

Wodi na mashine zake

Usiku huo wodi ilikuwa na watoto 26 na wauguzi wawili. Daktari wa zamu alikuwa anahudumia pia wodi ya wazazi, na wakati wa tukio alikuwa chumba cha upasuaji.

Chumba cha uangalizi wa karibu kilikuwa na monita nne, na hakuna mbili zilizofanana. Moja ilinunuliwa na hospitali, mbili zilikuja kwa misaada kwa nyakati tofauti, ya nne ilihamishwa kutoka chumba cha upasuaji baada ya huko kupata mpya. Hiyo ya nne ndiyo iliyokuwa kwa mtoto wetu. Kila moja ilikuwa na kitufe cha kunyamazisha mahali pake na menyu ya mipaka mahali pake, na moja ilifika bila kitabu cha maelekezo. Muuguzi aliyehamia wodini wiki hiyo alitakiwa ajifunze mashine nne, na aliyekuwa akimfundisha ni mwenzake mwenye watoto kumi na tatu.

Kuna jambo moja la monita ambalo lazima lieleweke kabla ya kuendelea. Nyingi hugawa wagonjwa katika makundi matatu: mtu mzima, mtoto, mtoto mchanga. Kundi likichaguliwa, mashine hujipangia mipaka ya alamu ya kundi hilo, na hata nguvu ya kupuliza kafu ya presha hubadilika. Ikizimwa na kuwashwa, mara nyingi hurudi kwenye kundi na mipaka ambayo kiwanda au fundi aliiwekea kuwa ya kuanzia. Monita iliyotoka chumba cha upasuaji iliwaka ikiwa ya mtu mzima: mapigo ya moyo 50 hadi 120, SpO2, yaani kiwango cha oksijeni kwenye damu, 90 hadi 100. Huko ilikotoka mipaka hiyo haikuwa na tatizo lolote. Mtoto mchanga mwenye afya moyo wake hupiga kati ya 120 na 160 kwa dakika.

Betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Fundi wa vifaa tiba alijua, betri iliagizwa, haikuja, na watu wakazoea kuichomeka ukutani tu. Vibandiko vya kifuani vya saizi ya watoto wachanga navyo vilikuwa vimekwisha stoo, hivyo monita ilitumika na probu ya mguuni, ile ya kupima oksijeni na mapigo, peke yake. Bila vibandiko vya kifuani monita haikuwa na njia ya kuhesabu upumuaji. Alamu ya kusita kupumua, ambayo kwa kawaida huwekwa ilie mtoto akimaliza sekunde 20 bila kuvuta pumzi, haikuwa na cha kupima.

Mtoto

Alizaliwa akiwa na wiki 30, gramu 1,350. Siku ya nne alikuwa kwenye oksijeni ya mirija ya pua, nusu lita kwa dakika, kutoka kwenye konsentreta, mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, iliyogawanya kwa watoto watatu. Maziwa ya mama alipewa kwa mrija kila baada ya saa tatu. Siku iliyotangulia alikuwa amesita kupumua mara mbili, mara zote akarudi baada ya kusuguliwa nyayo, na daktari akamwanzishia aminofilini, dawa ya kuchochea upumuaji. Ndiyo maana alipewa monita huku wengine wakipimwa oksijeni kwa oksimita ya mkononi inayozungushwa kitanda hadi kitanda.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Muuguzi wa zamu ya jioni aliifanya kazi yake vizuri. Alibadilisha kundi kuwa la mtoto mchanga, akaweka SpO2 88 hadi 95, mapigo 100 hadi 180, akapandisha sauti hadi ikasikika kutoka meza ya wauguzi. Hakuandika mahali popote. Chati ya wodi haikuwa na nafasi ya kuandika mipaka ya alamu.

Saa 2 usiku zamu zilikabidhiana. Kuhusu monita kilichosemwa, kwa kumbukumbu za wote wawili, ni "mipaka nimeshaweka".

Saa 4:10 usiku umeme ulikatika. Jenereta ilichukua kama dakika nne kuwaka. Konsentreta ilizimika, na wauguzi wote wawili walikimbilia mitungi, wakisaidiwa na mwanga wa simu ya mama mmoja, kuwahamishia watoto watano waliokuwa kwenye oksijeni. Flomita (kipimo cha mtiririko wa oksijeni) ya mtungi aliounganishwa mtoto wetu ilikuwa ya watu wazima, inayoanzia lita 1 na kupanda hadi 15. Nusu lita haikuwezekana kupimwa kwa uhakika, na mpira wa flomita ulisimama juu kidogo ya alama ya 1. Muuguzi aliliona hilo. Aliwaza atarudi kurekebisha konsentreta ikitulia.

Umeme wa jenereta uliporudi, monita iliwaka yenyewe, ikapitia ukurasa wake wa salamu, na baada ya sekunde chache namba zikaonekana. Juu upande wa kushoto wa skrini, kwa herufi ndogo kuliko za saa, paliandikwa ADU (mtu mzima) badala ya NEO (mtoto mchanga). Tulipoiwasha tena wakati wa mapitio, watatu kati yetu tulilazimika kuonyeshwa kwa kidole palipoandikwa.

Kisha ikaanza kulia. Mapigo ya mtoto yalikuwa 152, na mashine iliyodhani inamhudumia mtu mzima ikaona ni makubwa mno. Taa ya njano, milio mitatu, kimya kidogo, milio mitatu tena. Muuguzi alikuja, akamtazama mtoto: ana rangi nzuri, anapumua, SpO2 99, mapigo 150 na kitu. Akanyamazisha kwa dakika mbili. Ikalia tena. Kumbukumbu ya monita inaonyesha kitufe kilibonyezwa mara 14 kati ya saa 4:16 na saa 5:02. Mara ya mwisho hakubonyeza cha dakika mbili. Alikishikilia mpaka skrini ikaonyesha kengele iliyopigwa alama ya X, na sauti ya alamu zote za monita ile ikazimika hadi atakapoirudisha mtu. Wakati huo alikuwa anamtafutia mshipa mtoto mwingine mwenye degedege, na mwenzake alikuwa amekwenda kupokea mtoto kutoka wodi ya wazazi.

Kuanzia hapo hadi saa 9 usiku SpO2 ya mtoto ilikaa kati ya 98 na 100. Konsentreta zilirudishwa taratibu, lakini yeye aliachwa kwenye mtungi kwa sababu "alikuwa ametulia". Saa 9:34 usiku SpO2 ilishuka chini ya 90. Saa 9:36 ilikuwa chini ya 80 na skrini ikaanza kumweka nyekundu. Hakuna sauti iliyotoka.

Saa 9:39 mama yake aliingia na kikombe cha maziwa aliyokuwa amekamua. Alisema, "Nesi, njoo, mwanangu midomo imekuwa myeusi." Muuguzi alimkuta mtoto hapumui, SpO2 54, mapigo 68. Alimsugua nyayo na mgongo, hakuitika. Ambu, mfuko wa mkono wa kupulizia hewa, ilikuwa imening'inizwa kwenye kitanda, ikiwa na barakoa saizi ya njiti, akaanza kumpulizia. Ndani ya dakika moja mapigo yalivuka 100. Alianza kuvuta pumzi mwenyewe kabla ya dakika tatu kuisha. Daktari alifika saa 9:50.

Neno moja kuhusu saa hizi. Saa ya monita ilikuwa mbele ya saa ya ukutani kwa dakika 23, na kumbukumbu zake za kabla ya umeme kukatika zilikuwa zimefutika. Tulizilinganisha kwa kutumia muda jenereta ilipowaka, ambao mlinzi huuandika kwenye daftari lake. Daftari la mlinzi wa jenereta ndilo lililokuwa na saa sahihi kuliko zote.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Kunyamazisha. Kwa kuangalia alichokiona muuguzi, uamuzi wake wa kwanza ulikuwa sahihi. Alamu ilisema moyo unakwenda mbio, mtoto alionyesha hauendi mbio, naye alimwamini mtoto. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa. Pale alipokwama ni kwenye swali lililofuata, ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha aliulize: kwa nini mashine inalalamikia mapigo 152 wakati jioni haikulalamika? Alipoulizwa alijibu kwamba monita ile "huwa na kelele". Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo kweli, kwa sababu kila umeme ulipokatika ilirudi kuwa ya mtu mzima, na anayeijua akairekebisha, na asiyeijua akaizima sauti.

Kuizima kabisa. Alieleza kwamba alidhani ni kunyamazisha kwa muda mrefu zaidi. Kwenye mashine ile kitufe ni kimoja: ukikibonyeza unasitisha kwa dakika mbili, ukikishikilia sekunde tatu unazima. Kwenye skrini, kusitisha huonyeshwa kwa kengele yenye X ya vistari vilivyokatika, na kuzima kwa kengele yenye X ya mstari mzima. Nawaomba wasomaji wakaangalie monita zao leo na wajiulize kama wangeitofautisha alama hiyo saa 9 usiku kutoka hatua tatu.

Kumwacha kwenye mtungi. Hapa sababu ilikuwa namba nzuri. SpO2 99 inampa moyo yeyote aliyekulia kwenye wodi ya watu wazima. Kwa njiti wa chini ya wiki 32 anayepewa oksijeni, Shirika la Afya Duniani linaelekeza akae kati ya 88 na 95, isizidi 95, kwa sababu oksijeni nyingi huharibu mishipa ya retina, utando wa ndani ya jicho, inayoendelea kukua. Upofu huo ulijulikana katika miaka ya 1940 na 1950, wakati oksijeni ilipokuwa inamwagwa ndani ya inkubeta bila kipimo. Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, alipoteza uwezo wa kuona kwa njia hiyo. Mipaka ya jioni ingelia kila ilipovuka 95. Mipaka ya mtu mzima ina kikomo cha juu cha 100, yaani haina kikomo, na mtoto alikaa karibu saa tano akiwa juu bila mlio hata mmoja wa kulalamikia hilo.

Kumwambia mama. Daktari aliamua kumweleza mama asubuhi ileile, akiwa na inchaji wa wodi, kabla mapitio hayajaanza. Wapo waliotaka asubiri. Alimwambia mtoto aliacha kupumua, monita ilionyesha kwenye skrini lakini sauti yake ilikuwa imezimwa, na hospitali inachunguza kwa nini. Mama akauliza, "Kwa hiyo mashine ilikuwa inaona, ila haisemi?" Akajibiwa ndiyo. Nadhani uwazi ule ndio uliofanya baadaye aridhie kisa hiki kiandikwe.

Barua ya kujieleza. Siku ya pili muuguzi alipewa barua ya kujieleza ndani ya saa 48. Ni utaratibu wa kawaida, na katika kisa hiki ulikuwa wa haraka mno. Barua ilisitishwa baada ya kumbukumbu ya monita kusomwa. Isingesitishwa, tusingejua habari ya kitufe cha sekunde tatu, maana mtu anayejitetea kwa maandishi hasimulii alivyobonyeza.

Matokeo

Mtoto alipimwa sukari, ikawa ya kawaida. Alianzishiwa dawa za kuua bakteria kwa tahadhari, kwa sababu kusita kupumua kwa njiti kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi ya damu, na dozi ya aminofilini ikahakikiwa. Hakusita tena kupumua. Alihamia kwenye chumba cha kangaruu, ambako mama humbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, wiki ya tatu, akaruhusiwa baada ya kuvuka gramu 1,800. Uchunguzi wa macho ulifanyika akiwa na wiki nne tangu kuzaliwa, kwenye hospitali nyingine yenye daktari wa retina, na haukuonyesha ugonjwa. Ratiba ya kurudia macho na kufuatilia ukuaji wake iliandikwa kwenye kadi.

Uchambuzi

Niseme wazi nilipo: sauti iliyozimwa ilikuwa dalili. Tatizo lilikuwa mipaka isiyo na mwenyewe.

Daktari akiandika aminofilini, huandika dozi, muda na sahihi, na muuguzi hutia alama kila anapotoa. Mipaka ya alamu ya mtoto yuleyule ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, ikapita kwa mdomo kwenda kwa mwingine, ikafutwa na umeme, na hakuna karatasi ambayo mtu angeweza kuishika na kusema "hii siyo". Mpango wa matibabu unaosema "oksijeni, lengo 90 hadi 95" haujakamilika mpaka mtu aandike pia alamu ilie kwenye ngapi. Hilo ni agizo la daktari, na linahitaji sahihi kama maagizo mengine.

Sasa angalia mipaka ya mtu mzima ilivyofanya kazi pande zote mbili. Upande wa juu wa mapigo ililia kwa jambo la kawaida na kuwachosha wauguzi. Upande wa chini kikomo kilikuwa 50. Mapigo ya mtoto yalifika 68, hali ambayo kwa mtoto mchanga ni ya kumpulizia hewa mara moja, na hata kama sauti ingekuwa imefunguliwa mpaka mwisho, alamu ya mapigo isingelia. Ingelia ya SpO2 tu. Kwa hiyo wanaosema "angeacha sauti ikiwa wazi yasingetokea" wako sahihi nusu: probu ingekuwa imelegea mguuni, au nyayo zingekuwa za baridi, hata hiyo moja isingetegemewa.

Uchovu wa alamu si jambo la wodi zetu zenye mashine za kurithi peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Francisco, walichapisha hesabu ya alamu za vitanda 77 vya ICU kwa siku 31: zilizidi milioni 2.5. Walipozikagua moja moja alamu 12,671 za mapigo yasiyo na mpangilio, asilimia 88.8 zilikuwa za uongo. Mwaka mmoja kabla, chombo cha Marekani kinachoidhinisha hospitali, The Joint Commission, kilitoa tahadhari kikitaja matukio 98 yanayohusiana na alamu yaliyoripotiwa kwake kati ya Januari 2009 na Juni 2012, na vifo 80 kati ya hayo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni alamu zilizozimwa, mipaka isiyomfaa mgonjwa na sauti isiyosikika eneo lote. Kisa chetu kilikuwa na ya kwanza na ya pili kitandani kimoja.

Nazitaja namba hizo kwa sababu ya pendekezo lililotolewa kwenye kikao cha kwanza, na ambalo lilikaribia kupita: mipaka yote ibanwe "ili tusikose kitu", na kuzima sauti kuwe kosa la kinidhamu. Nililipinga. Njiti hushuka chini ya 88 kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku na kurudi mwenyewe. Ukibana kikomo kikawa 90 au 91, mashine italia mchana kutwa, na marufuku ya kuzima itawafundisha watu kuzima kwa siri, au kufungia probu kwenye mguu wa mtoto mwingine aliyetulia. Hilo la probu nimelisikia likisimuliwa kama utani, na sidhani lote ni utani. Dawa ni mipaka inayomfaa huyu mtoto, pamoja na ucheleweshaji mfupi wa alamu ya SpO2 pale mashine inaporuhusu na daktari anapokubali, ili mshuko wa sekunde tano usipige kelele na wa sekunde ishirini upige.

Kuna upande wa pili wa jambo hili unaosahaulika. Kikomo cha juu cha 95 ni cha mtoto anayepewa oksijeni. Akiondolewa oksijeni na kupumua hewa ya kawaida, SpO2 98 ni yake mwenyewe na haina madhara, na kikomo kisipoinuliwa monita italia kutwa bila sababu, kisha tutakuwa tumerudi palepale. Kuondoa oksijeni na kubadilisha kikomo viende pamoja. Kwa watu wazima hesabu ni yaleyale kwa namba tofauti: mgonjwa wa mapafu sugu anayelengwa 88 hadi 92 akiwekewa kikomo cha chini cha 90 atailiza monita siku nzima, na mkimbiaji ambaye moyo wake hupiga 46 akilala atailiza usiku kucha.

Kuhusu umeme. Kiwango cha kimataifa cha alamu za vifaa tiba, IEC 60601-1-8, kinataka mipangilio irudi yenyewe umeme ukikatika kwa sekunde 30 au chini ya hapo. Jenereta yetu ilichukua dakika nne. Betri nzima ya monita ingeziba pengo hilo, na kisa chote kisingekuwepo. Kifaa kile kilikuwa kwenye orodha ya "vinavyofanya kazi" wakati wote, kwa sababu kikichomekwa kinawaka. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, monita isiyo na betri iandikwe mbovu. Nilibishana na fundi kuhusu hili, yeye akiona ataonekana ana mashine nne mbovu kwenye ripoti, mimi nikiona ndivyo ilivyo.

Yaliyofanya kazi yasipite bila kutajwa. Ambu ilikuwa kitandani, na barakoa ya saizi yake, kwa sababu inchaji alikuwa mkali juu ya hilo kila asubuhi. Muuguzi alijua la kufanya na alilifanya bila kumsubiri daktari. Na mama aliingia saa 9 usiku kwa sababu wodi hii haina saa za kuwaona watoto kwa mama zao. Wanaingia muda wowote, na wameambiwa dalili za kuangalia: rangi ya midomo, kifua kinavyopanda. Zipo wodi ambazo angesubirishwa nje mpaka saa 12 asubuhi.

Kilichobadilishwa

Fundi alibadilisha mipangilio ya kuanzia kwenye monita tatu kati ya nne, sasa zinawaka zikiwa za mtoto mchanga na mipaka ya wodi. Kwenye mbili kati ya hizo iliwezekana kuweka namba ya siri kwa anayetaka kuzima sauti kabisa, na kuweka sauti ya chini kabisa ambayo haiwezi kushushwa zaidi. Kusitisha kwa dakika mbili kumeachwa wazi kwa kila mtu, maana unapomfyonza mtoto makohozi huwezi kufanya kazi mashine ikipiga kelele sikioni.

Chati ya saa ina safu mpya: kundi la mgonjwa, SpO2 chini na juu, mapigo chini na juu, sauti. Daktari huijaza akiandika oksijeni. Wakati wa kukabidhiana, anayepokea zamu huzisoma kwa sauti kutoka kwenye skrini huku anayeondoka ameshika chati. Wiki za mwanzo lilionekana jambo la kitoto. Kisha likakamata monita iliyokuwa imerudi kwenye mipaka yake baada ya mfanyakazi wa usafi kuchomoa waya, na manung'uniko yakapungua.

Umeme ukirudi, utaratibu ni mtoto kwanza, oksijeni pili, monita tatu, na monita haihesabiwi kuwa imerudi mpaka herufi za kundi zisomwe. Stika nyekundu imebandikwa pembeni ya skrini, ikielekeza zilipo. Flomita mbili za kupima chini ya lita moja zilipatikana, zinahitajika tano. Betri zimekuja za monita mbili.

Ile ya nne menyu yake ya mipangilio ya kuanzia hufunguliwa kwa namba ambayo muuzaji hakuitoa licha ya barua. Imerudishwa chumba cha upasuaji, kwa wagonjwa iliyotengenezewa, na kitanda kile kwa sasa kinatumia oksimita ya mezani inayowaka ikiwa na mipaka ya watoto wachanga. Haina kumbukumbu, na betri yake hudumu saa sita.